Usukani wa Jikoni

Wiki iliyopita nilikwenda Mbeya kumsaidia mama kubadilisha bati. Nyumba ile imezeeka, rafiki yangu, imezeeka kutushinda hata sisi, na bati za upande wa jikoni zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka ukisimama ndani mchana unaona mbingu vipande vipande. Fundi alipanda asubuhi baridi ikiwa bado haijaachia, akagongagonga huko juu, kisha akachungulia kwenye tundu na kuuliza, "Mama, hili bomba nalikata? Maana nikitoboa bati jipya, litakuja kuvuja."

Mama alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso. "Liache hapo lilipo," akasema.

Fundi akanitazama mimi, kama mafundi wanavyomtazama aliyetoka mjini na pesa ya bati. Nami nikalitazama bomba lenyewe. Linashuka kutoka juu ya paa, linapita kwenye kenchi, linaishia usawa wa kifua cha mtu mzima karibu na meza ya vyombo, na mwisho wake umechomelewa usukani wa lori. Ni usukani mweusi, plastiki yake imepasuka, siku hizi unaning'inizwa kanga na mfuko wa chumvi. Mgeni akiuona hucheka, akauliza hapa jikoni mnaendesha kwenda wapi. Hatujawahi kumjibu mgeni vizuri. Leo nakujibu wewe.

Unakumbuka televisheni za wakati ule? Si hizi za kubonyeza tu. Yetu ilikuwa na mgongo mkubwa na ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na ili ionyeshe kitu ilihitaji antena juu ya mlingoti nyuma ya nyumba, ile antena yenye mbavu kama mifupa ya samaki. Kituo kimoja kilishikwa ukiigeuzia mlimani, kingine ukiigeuzia upande wa barabara ya kwenda Iringa. Upepo ukivuma kidogo tu, kioo kinajaa chenga. Basi jioni mtaa mzima ulikuwa makelele: mmoja yuko nje amekumbatia mlingoti, mwingine dirishani anapiga kelele, "Zungusha! Umepitiliza! Rudisha! Hapo hapo, usiguse!" Ukiondoa mkono, chenga zinarudi. Kuna watu walikosa mpira mzima kwa sababu wao ndio waliokuwa wanashikilia mlingoti ili wenzao waone.

Kwetu aliyeshikilia mlingoti alikuwa mama. Na hakuwa anashikilia kwa ajili yetu. Alikuwa anashikilia kwa ajili ya babu, baba mzazi wa baba, aliyekuja kukaa nasi kutoka Rungwe baada ya bibi kufariki na miguu yake kuanza kugoma.

Nikueleze kidogo mambo ya kwetu, maana bila hayo hutaelewa kitu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana, yaani mke wa mwanao, hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawasemezani. Wakikutana njiani, mwanamke anaacha njia anaingia migombani mpaka mzee apite. Wengi walikuwa wameshaacha, hasa watu wa mjini na wa kanisani. Babu hakuwa ameacha kitu. Na mama yangu wala si Mnyakyusa. Ni Mhehe wa Kalenga, kwao baba mkwe unamsalimia kwa heshima zako na maisha yanaendelea. Babu alikuwa amempinga tangu mwanzo. Alisema mwanawe amewaruka wasichana wote wa Rungwe na Kyela akaenda kuokota mtu asiyejua hata kupika ndizi. Ng'ombe wa mahari walipelekwa na baba mdogo. Babu hakuinuka kwenye kiti chake, na harusini hakuja.

Sasa mzee huyo anakuja kuishi kwenye nyumba ya mwanamke huyo. Baba alisema wazi kwamba mama asihangaike, mila hizo si zake. Mama hakubishana naye. Siku chache kabla babu hajafika, alikwenda kwa jirani yetu mmoja, mwanamke wa Tukuyu mwenye umri wa kumzaa, akamwomba amfundishe kila kitu: asimtaje jina, asimwangalie, apite wapi, ajifiche vipi. Aliporudi alikuwa kama mtu aliyetoka kukariri mtihani. Jioni ile akinisuka nywele akaniambia, "Hakuna atakayesema Mhehe hana adabu. Siku moja mzee huyu ataniita mwanangu. We subiri utaona."

Hicho ndicho alichokitaka, na hakuwahi kutaka kingine kutoka kwa mzee yule.

Nyumba ikagawanyika. Mlango wa mbele na sebule vikawa vya babu. Mlango wa nyuma, jiko na uani vikawa vya mama. Babu akitaka kutoka nje kuota jua, alikohoa kwanza, kikohozi kizito cha makusudi, na mama akisikia anaacha chochote alichoshika anaingia stoo na kuvuta pazia. Makochi ya sebuleni aliyanunua yeye mwenyewe kwa kuuza vitenge, lakini alikuwa hayakalii. Aliyafagilia pembeni babu akiwa nje barazani. Jirani mwingine, mwanamke wa Kisafwa mcheshi asiyekuwa na breki mdomoni, alikuwa akija kuomba moto anasema, "Nyie humu ndani mnacheza kombolela mpaka lini?" Mama alicheka naye. Nilikuwa namjua mama yangu. Hakuwa anacheka kweli.

Ujumbe niliubeba mimi. "Mwambie huyo Mhehe chai haina sukari." "Mwambie huyo Mhehe maji ya kuoga." Na ikifika saa ya taarifa ya habari, ambayo babu hakuwa tayari kuikosa hata kwa mgonjwa, "Mwambie huyo Mhehe azungushe." Mama anajifunga kitenge, anatoka nje kwenye ukungu wa mwezi wa saba au mvua ya mwezi wa kwanza, anakumbatia bomba. Mimi nasimama kwenye kona ya nyumba, babu ananiambia dirishani, namwambia mama. Yeye hakuiona picha hata siku moja. Alikuwa anazungusha akiangalia ukuta.

Baba alikuwa fundi wa malori ya mbao huko Mafinga. Alikuwa akiondoka Jumatatu na kurudi Jumamosi nguo zake zikinukia paini na dizeli. Jumamosi moja alikuta mama ametoka kuzungusha antena, kitenge kimelowa, anakohoa. Alikula ugali wake, akaenda uani, akakaa muda mrefu akiliangalia lile bomba. Jumamosi iliyofuata alishuka kwenye lori na usukani chini ya kwapa, wa lori lililokufa, pamoja na bomba refu na bearingi kuukuu.

Aliuhamisha mlingoti akaupitisha juu ya paa, chini akaukalisha kwenye zile bearingi, tundu la bati akalizungushia mpira wa tyubu uliolowekwa grisi. Akapaka alama nyekundu kwenye bomba, akatuonya tusiivuke, maana ukizungusha ukapitiliza, waya wa antena unajisokota kwenye mlingoti mpaka unakatika. Alitaka usukani ushukie sebuleni karibu na kiti cha babu, mzee ajizungushie mwenyewe. Babu akakataa. Alisema hawezi kukaa chini ya bomba linalongoja mvua limdondoshee maji kichwani. Basi usukani ukashukia jikoni. Mtaa wote ulikuja kuushangaa. Baba alijivuna siku ile, alinyonga usukani huku na huku akipiga honi kwa mdomo, na ndiyo picha yake ninayoipenda kuliko zote.

Kuanzia hapo mama hakutoka tena nje kulowa. Lakini si hilo ninalotaka kukueleza.

Kati ya jiko na sebule kulikuwa na ukuta mwembamba wa tofali moja. Babu akiona chenga, alikohoa. Mama akisikia kikohozi, anashika usukani. Picha ikitulia, babu anagonga sakafu kwa fimbo yake, ko, na mama anaachia. Mimi sikuhitajika tena. Baada ya muda, mara nyingi hata kikohozi hakikuhitajika, maana mama alijifunza kusikiliza. Mlio ukianza kukwaruza tu, mkono mmoja ukiwa kwenye mwiko wa ugali, mkono mwingine unazungusha taratibu, anasikilizia, anarudisha kidogo, mpaka fimbo igonge. Usukani ulikuwa na mlio wake, kama mlango usiotiwa mafuta, na harufu yake ilikuwa grisi iliyochanganyika na vitunguu vinavyokaangwa. Watangazaji wote mama aliwajua kwa sauti. Akiniona natoka sebuleni ananiuliza kwa kunong'ona, "Yule mwenye sauti nzito leo amevaaje?" Nami namweleza tai, koti, na upara.

Na ndizi alijifunza kupika. Alifundishwa na yule mwanamke wa Tukuyu, akaziunguza, akazirojesha, mpaka siku moja babu akamaliza sahani ya ndizi na maharage, na televisheni ikiwa nzuri kabisa, haina hata chenga moja, akagonga fimbo. Nilikimbilia kumuuliza anataka nini. Akasema, "Sitaki kitu. Rudi ukale." Jikoni nilimkuta mama amesimama amelishika beseni kifuani. Alikuwa ameelewa.

Jioni nyingine umeme ulikatika. Tulikaa gizani, mimi na mama kwenye mwanga wa jiko la mkaa, babu peke yake upande wa pili. Mara fimbo, ko. Hakukuwa na picha ya kutengeneza. Mama akainuka, akashika usukani, akauzungusha kidogo tu, ukalia. Halafu tena, ko. Akauzungusha tena. Nilikuwa mtoto, nikadhani wamechanganyikiwa. Leo najua walikuwa wanapiga soga.

Lakini neno lenyewe halikuja. Niliendelea kutumwa kwa "huyo Mhehe", baadaye ikawa "mama yako", na mama kila nilipoingia na ujumbe aliutazama mdomo wangu kabla sijaufungua. Miaka ikapita hivyo.

Kisha ikaja asubuhi moja ya masika. Nimevaa sare, nimepitia sebuleni kuaga. Babu alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, kwa ajili ya baridi. Akaniambia, "Mwambie mwanangu, kamwene. Mwambie chai ya leo imekaa sawa."

Kamwene ni salamu ya Wahehe. Babu huyu huyu alikuwa akiidhihaki, alisema inatoka puani.

Nilimpelekea mama vile vile ilivyo. Akasema, "Rudia." Nikarudia. "Amesema mwanangu? Yeye mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, yeye mwenyewe. Mama akajifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na maji. Akanikaangia yai, siku ya kawaida tu ya shule, akanisindikiza mpaka njiani, na nilipogeuka nyuma nikamwona bado amesimama getini anachezea ncha ya kanga yake. Sijawahi kumwona mtu mzima amefurahi namna ile.

Mchana ukaja upepo na mvua. Upepo ule wa Mbeya, unajua wewe mwenyewe, unaoshuka mlimani na kuzoa kila kitu kilichoanikwa. Antena ikageuzwa, televisheni ikaanza kukwaruza. Mama akangoja kikohozi. Hakikuja. Akasema moyoni mzee leo ananiachia mwenyewe, anajua nitatengeneza. Akashika usukani, akazungusha mpaka sauti ikatulia, akangoja fimbo. Haikugonga. Basi akafikiri sauti imekuja lakini picha bado, ilikuwa kawaida kabisa kwa televisheni zile. Akazungusha tena. Akaipoteza, akaitafuta, akaipata, akangoja. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye bomba yakimwingia kwenye mkono wa blauzi.

Niliporudi kutoka shule nilimkuta hapo, jiko limezimika, viazi nusu vimemenywa. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. "Nenda kamwangalie babu yako," akasema. "Muulize kama picha imekaa."

Picha ilikuwa imekaa. Sijawahi kuiona televisheni ile ikiwa safi kama siku ile. Walikuwa wanaonyesha watu wanavuna pamba, unaona mpaka vidole vyao. Babu alikuwa kwenye kiti chake, kichwa kimeegemea upande, mdomo umepinda, fimbo imeanguka mbali na mguu wake. Alikuwa bado anapumua. Alinitazama kwa jicho moja.

Nilipiga kelele. Mama alikuja mpaka mlangoni, akasimama kwenye kizingiti, mkono umeshika pazia, na hapo ndipo alipovuka. Alimwinua yeye mwenyewe, akamlaza mapajani pake, akawa anamwita baba, baba. Jirani Msafwa akaleta pikapu ya mumewe. Hospitalini walisema ni kiharusi na kwamba mzee amekaa nacho saa nyingi. Mama alitaka kuingia wodini na chupa ya uji. Shangazi, dada yake baba, aliyekuwa amefika kutoka Rungwe, akamzuia pale mlangoni. "Ulishindwa kuingia sebuleni kwako," akamwambia, "hapa unaingia kufanya nini?" Mama akarudi akakaa nje kwenye nyasi na chupa yake. Alikaa hapo siku zote ambazo babu alibaki nazo, na hazikuwa nyingi.

Msibani watu waligawanyika. Wazee wa Rungwe walisema mzee amekufa akiwa ameheshimiwa, ni mkamwana gani wa leo angeweza vile. Wengine walisema heshima ya kuazima imemuua mzee wa watu. Mama aliwapikia wote, hawa na hawa. Baba hakumlaumu hata kwa jicho. Alichukua waya tu akaufunga usukani usizunguke. Televisheni ikabaki na kituo kimoja, kile cha siku ile, na ndicho tulichotazama mpaka mitambo ya zamani ilipozimwa na ving'amuzi vikaja. Antena yenyewe iliangushwa na upepo mwaka mmoja na wala hatukuiinua. Baba naye ametangulia. Waya ule alioufunga ulishakatika kwa kutu.

Leo mtaani pale hakuna anayepiga kelele za "hapo hapo". Kila mtu ana simu yake mkononi na anaangalia lake kimya kimya. Kaka yangu, ambaye miaka ile alikuwa shule ya bweni, ameoa, na baba alipokuwa hai mkewe alikuwa anakaa naye kochi moja wakigombania rimoti, wakipigana picha. Nilifurahi kuwaona, nisikudanganye. Ila kuna siku nilimwona mama anawatazama akiwa amekaa kwenye kigoda chake pale mlangoni mwa jikoni, maana mpaka leo hajui kukalia kochi lake, nikatoka nje nisije nikalia mbele za watu.

Basi fundi akawa bado yuko juu anangoja. Nikaona nimsaidie mama kuamua. Nikamwambia, "Mama, tulikate. Babu mwenyewe alikusamehe kabla hata hujakosa. Asubuhi ile alikuita mwanangu, mimi ndiye niliyekuletea."

Akaweka kisu chini. "Ulileta," akasema. "Na mimi nikasikia mkamwana amesifiwa. Siku ile nikasema sitaharibu, nitakuwa mkamwana kuliko siku zote. Nikasimama hapa nikizungusha." Akalitazama bomba. "Aliniita mwanangu. Mwana angeingia."

Nilitoka uani nikamwambia fundi atoboe bati, bomba lipite.